Kiti cha Lori Lisilonguruma

Wivu wangu ulianza siku lori la umeme lilipoingia yadi kwetu Mpanda, na ulianza kabla sijajua nani ataliendesha. Lilishushwa kutoka kwenye tela la kubebea mitambo, jeupe, viti vyake bado vimevikwa nailoni. Fundi aliyekuja nalo kutoka Dar es Salaam aliingia, akabonyeza kitu, na lori likatembea hadi katikati ya yadi bila kelele yoyote zaidi ya matairi kukanyaga kokoto. Sisi madereva tulikuwa pembeni ya geti tunakunywa chai. Nilitazama lori langu la dizeli, ambalo moshi ulishalifanya jeusi kuanzia ekzosi hadi kwenye turubai, nikaona aibu kama mtu aliyefumwa na wageni akiwa na nguo za shamba.

Nilikuwa dereva wa siku nyingi pale, na njia yangu ilikuwa moja, Mpanda hadi Karema, bandarini. Kwenda nabeba saruji na unga wa kuvushwa upande wa Kongo, kurudi nabeba dagaa. Ziwa liko chini na mji uko juu, kwa hiyo kwenda kuna mteremko mrefu wenye kona nyingi, na kurudi mteremko huo huo unakuwa mlima. Pale ndipo madereva wa Karema tulipojipatia jina. Ukifika mwanzo wa mteremko unatoa gia, tunaita kuweka frii, na lori linashuka kwa uzito wake lenyewe, injini haili mafuta, wewe una usukani na breki tu. Ni hatari na imekatazwa, na ndiyo maana anayeiweza anasifiwa. Mimi nilikuwa naiweza kuliko wote. Nilirudi na dizeli kwenye tangi wakati wenzangu wanarudi tangi zimebaki harufu tu, na bosi alipenda kunitaja mbele yao.

Mwenzangu katika habari hii ni mwanamke, jirani yangu wa mtaa mmoja, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe yeye akiwa bado mgongoni. Aliendesha Fuso la kampuni, anabeba mpunga kutoka Mpimbwe kwa njia ya Sitalike. Njia ile ni tambarare, na sisi wa Karema tulikuwa tukiiita njia ya baiskeli. Mimi ni Mfipa. Yeye na mimi tulikuwa watani, na mtani anakuambia lolote mbele ya yeyote, nawe huruhusiwi kununa. Akinikuta nala alikuwa ananichomolea nyama kwenye sahani. Nikimkuta kwenye foleni ya mashine ya kusaga nilikuwa namwambia apishe watu, ng'ombe wana zamu yao.

Siku ile ya lori alinisogelea, akanong'ona kwa sauti iliyofika hadi ofisini: “Mtani, hili ni la kwenu. Nyie Wafipa si mnasemwa mnatuma radi? Mtakuwa mnalichaji bure.”

Watu wakacheka. Nikamwambia naye asilisogelee, maana haliswagwi kwa fimbo. Wakacheka tena. Mimi sikuwa nacheka moyoni, kwa sababu wakati anasema maneno yale niliona anavyolitazama lile lori, nikajua kwamba analitaka kama ninavyolitaka.

Bosi alituita wawili, mimi na yeye. Akasema kiti ni kimoja. Malori ya dizeli yatauzwa taratibu kadiri haya mapya yatakavyokuja, na la kwanza kuuzwa ni langu kwa kuwa ndilo kuukuu. Kila mmoja wetu atakwenda Karema mara moja na mzigo ule ule na kurudi na mzigo ule ule. Atakayerudi na chaji nyingi kwenye betri ndiye dereva wa lori la umeme. Nilitoka ofisini natembea kifua mbele. Nilijiambia bosi amefanya mashindano kwa ajili ya heshima tu, asionekane ana upendeleo. Mtu wa tambarare ataujulia wapi ule mlima?

Kabla ya safari fundi alitufundisha darasani, yaani kwenye stoo ya matairi, tumekaa kwenye mabenchi. Mtani wangu alikuja na shati lililopigwa pasi na viatu vipya vyeusi vya kufungwa kamba, akakaa mbele. Kila fundi alipotulia, mwanamke yule aliuliza swali, na kila alipouliza, fundi alisema swali zuri. Mimi hakuniambia hata mara moja kwamba nimeuliza vizuri, lakini kusema kweli sikuwa nimeuliza kitu. Nilikuwa naangalia vile viatu. Nilikuwa nawaza amevinunua lini, na kama alivinunua kwa ajili ya darasa au alishajihesabia ushindi. Ni wakati huo, nilikuja kujua baadaye, ndipo fundi alipoeleza jambo kubwa kuliko yote: kwamba lori hili ukiwa mteremkoni ukiinua mguu tu, mota inageuka kuwa kama jenereta, inalishika lori lisikimbie na huku inarudisha umeme kwenye betri. Mradi liwe kwenye gia. Maneno hayo yalipita karibu na sikio langu yakaenda zake.

Alitangulia yeye. Nasema wazi kwamba nilitamani likwame. Sikumwombea ajali, Mungu ananijua, lakini nilimwombea mchanga, nilimwombea pancha, nilimwombea lile lori limzimikie mbele ya watu. Jua halijapoa akarudi. Alishuka akiwa safi kama anatoka kanisani, na kwenye kioo cha dashibodi chaji ilikuwa bado imejaa vizuri. Mke wangu, ambaye anaimba naye kwaya moja, alikuwa amekuja getini na wenzake kumpokea. Walimpigia vigelegele. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniambia, “Mwenzio karudi hana hata jasho.” Nikamuuliza kama leo kuna chakula au kuna habari tu.

Zamu yangu ilipofika nilipanda kile kiti nikasahau kununa. Sijawahi kukaa mahali pazuri namna ile. Usukani ulikuwa mwepesi, nikasikia ndege porini huku natembea na saruji nyuma. Nilipita Wabende wawili wanatundika mizinga ya nyuki, wakageuka nilipokwisha kuwapita, wameshtuka. Nilicheka peke yangu. Nikasema hiki kiti ni changu, kimekuja kwa mwenyewe.

Nikafika mwanzo wa mteremko. Nikafanya kile nilichokuwa nakijua kuliko mtu yeyote katika mkoa huu. Niliweka frii.

Nilishuka vizuri sana. Kona zote nilizikata kwa adabu, breki nilizigusa kwa kuzionea huruma, na muda wote nilikuwa namwona yule mwanamke akilini, nasema kama angekuwepo hapa angejifunza kazi. Lile lori lilipiga kelele fulani ya king'ora, tiii, tiii, nikadhani linanionya kuhusu mwendo. Lilikuwa linaniambia nina gia mkononi na sijaitia. Mteremko mzima, na uzito wote ule wa saruji, ulikuwa mafuta ya bure. Nikayapita yote hadi ziwani nikiwa najisifu.

Karema nilipakia dagaa nikageuza. Mwanzoni mwa mlima chaji ilikuwa imepungua kuliko nilivyotegemea, nikazima feni, nikazima redio, nikafungua madirisha. Katikati ya mlima ikawaka taa ya njano yenye picha ya kobe. Nilidhani mtu aliyeitengeneza alikuwa anafanya mzaha. Baadaye kidogo lori likawa kobe kweli, linatambaa, na kabla ya kona ya juu likasimama. Halikukohoa wala kutoa moshi, na hakukuwa na kitu cha kufungua boneti nikakipige kwa nyundo. Lilisimama tu. Mbung'o wakanikuta. Nilipanda kichuguu kutafuta mtandao, nikapiga simu yadi, nikasema lori lina hitilafu.

Nilitambua injini ya lori langu kabla sijaliona. Unajua lori lako kama unavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani kwako. Lilikuwa linakuja kutoka juu, linashuka kwa gia nzito, taratibu, bila kukosea, na nikawa nasikiliza nani anaishika gia yangu ya pili ambayo kila mtu inamgomea. Likakunja kona. Alikuwa yeye, ametumwa kuja kunivuta.

Kuna wivu wa kuona mtu amepewa kizuri unachokitaka. Huo nilishauzoea. Siku ile nilionja mwingine. Huyu mtu wa tambarare alikuwa amelipeleka lori langu bovu kwenye mlima wangu kwa mara ya kwanza, na lilimtii.

Lori la umeme halivutwi hivi hivi, fundi alisisitiza kwenye simu, lazima kwanza tufungue shafti ya nyuma, vinginevyo mota itaungua. Tukalala chini ya lori, mimi na yeye, bega kwa bega kwenye vumbi, kila mtu na spana yake. Harufu ya dagaa ilikuwa inatushukia. Tulifungua nati kadhaa. Halafu akauliza, bila kunitazama:

“Mtani, uliteremka na frii?”

Nikaendelea kuzungusha spana.

“Basi chaji yote uliimwaga njiani,” akasema.

Nikasubiri anicheke. Alikuwa na haki. Mfipa ameishiwa umeme, katika nchi nzima hakuna mtani aliyewahi kupewa utani mtamu namna hiyo, umewekwa mezani na kijiko. Angeweza kuula mwaka mzima. Hakucheka. Alishika nati iliyokuwa imekaza, akaiminya, akaniambia nimpe mafuta kidogo. Kwangu lile lilikuwa pigo zito kuliko kicheko, maana mtani akiacha kukutania ujue ameanza kukuhurumia. Na tulipofika yadi alimwambia bosi hitilafu ilikuwa ngumu kidogo, mlima ule ni mbaya. Bosi alitazama kwenye kompyuta ya fundi akaona kila kitu. Kiti kikawa chake.

Miezi iliyofuata niliishi vibaya. Nilikuwa nikimpisha njiani napiga honi ndefu isiyo na sababu, makusudi, ili barabara ijue kuna lori. Watoto wa mtaa wa Kashaulili walikuwa wakiliona lake wanakimbilia kando ya barabara, langu linapita wanaziba pua. Mke wangu aliniambia siku moja kwamba nguo za yule mwanamke hazihitaji kulowekwa. Nikamwambia aende akafue za kwake. Alijitanda kanga akaenda kanisani, na mimi nikakaa kizingitini nimeshika magoti, mtu mzima, namchukia mtu kwa sababu ya sabuni. Mvua zilipoanza nilifurahi, nikajua tope la Karema litamtoa jasho. Alikwama mara moja. Nikamkuta, nikamvuta, na alinishukuru kwa dhati kiasi kwamba hata raha ya kumvuta ilinitoka.

Halafu lori langu likaharibika pampu ya maji nikiwa Karema. Nilipanda basi hadi Mpanda kuchukua pampu nyingine, na siku ya kurudi hapakuwa na gari jingine la kwenda ziwani ila lile la umeme. Nikapanda kiti cha abiria na pampu mapajani. Tulisema kidogo kuhusu mvua, kuhusu bei ya mpunga, mambo ya kuzibia ukimya. Tulipofika mwanzo wa mteremko yeye aliinua mguu tu.

Lori likajishika lenyewe. Hakugusa breki. Lilishuka kwa utulivu kama linashushwa kwa kamba, na kwenye kioo vile vistari vya chaji, ambavyo kwangu siku ile vilikuwa vinakufa, vikaanza kuongezeka. Kona moja, kimeongezeka. Kona nyingine, kimeongezeka tena. Nikatazama nje dirishani. Ilikuwa miti ile ile ya miyombo, jiwe lile lile jeupe, bonde lile lile ambamo rafiki yangu alitumbukia na lori. Nimeushuka mteremko huu nusu ya maisha yangu, kwa roho mkononi, na haukuwahi kunipa kitu zaidi ya kuniacha hai. Yeye ulikuwa unamlipa. Nilimwonea wivu hadi nikasikia joto masikioni, na sikuona aibu, kwa sababu nilijua sasa namwonea wivu kwa haki.

“Unanuna nini, Mfipa?” akaniuliza.

“Sinuni. Naangalia njia.”

“Njia unaijua. Niambie mimi, kona hii inayokuja, mvua ikinyesha unaishika upande gani?”

Nikamwambia. Akauliza na nyingine, nikamwambia. Kila kona aliuliza hadi chini, na mimi nilikuwa namjibu kwa ufupi, nikidhani anataka kunichota hata hicho kidogo kilichobaki. Tulipoona maji ya ziwa ndipo akasema wanampeleka Dar kwa mafunzo. Kuna lori jingine linakuja kujaribiwa, la masafa marefu, linatumia haidrojeni.

Nikamuuliza haidrojeni ndiyo nini. Akasema ni gesi, inakaa kwenye mitungi nyuma ya kichwa cha lori, kuna chombo ndani kinaikutanisha na hewa, unatoka umeme, na umeme ndio unaozungusha magurudumu. Hulichaji ukasubiri. Unajaza mitungi kwa muda wa kunywa chai, unaondoka, unakwenda mbali. Na kwenye ekzosi, akasema, hautoki moshi. Yanatoka maji.

Nikasema ni uongo. Akasema hata yeye alidhani hivyo.

Juma lililofuata bosi aliniita. Kiti cha lori la umeme kilikuwa wazi, na alikuwa ameamua ni changu. Safari hii, alisema, sikiliza fundi. Nilisikiliza. Nilikaa benchi la mbele. Nilimwambia mke wangu habari hizo kwa sauti ya mtu aliyekuwa akijua siku zote kwamba haki itamfikia, nikala vizuri, nikalala vizuri. Niliwaambia wenzangu kwenye chai kwamba bosi hatimaye amekumbuka nani anaujua ule mlima. Kwa siku chache sikuwa na wivu na mtu yeyote duniani, na ninakumbuka jinsi nilivyokuwa mwepesi.

Kisha ikaja sauti yake kwenye simu, ameirekodi akiwa Dar. Nilikuwa yadini, ndani ya lori, limechomekwa kwenye chaja. Nikaifungua. Alikuwa anacheka, nyuma yake kuna kelele za mji. “Mtani, nimekinga maji yake kwenye kikombe. Wamenikataza nisinywe, nikanywa. Hayana ladha. Lori zima hili linakojoa maji, we.” Nikaisikiliza tena. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nilichokililia, kina ubaridi wake, kina ukimya wake, na ghafla nikakiona cha kawaida. Kebo ile nene iliyochomekwa ubavuni nikaiona kama kamba ya mbuzi. Yeye anajaza gesi anaondoka, mimi nimefungwa hapa nasubiri kushiba.

Jioni nilirudi nyumbani. Mke wangu aliweka ugali na dagaa, akanitazama ninavyoufinyanga bila kula.

“Kiti umepata,” akasema. “Sasa tena umevimba nini?”

Nikasema hakuna. Kisha nikasema kuna watu wana bahati, kila kizuri kinawatafuta wao.

Akaweka tonge lake chini. Aliniambia polepole, kama anayemwambia mtu habari ya msiba. Alisema bosi alikuwa na dereva mwingine wa kumpa lile lori, kijana wa kutoka Sumbawanga mwenye cheti. Mwanamke yule alimwambia bosi haendi Dar mpaka kiti apewe mtani wake. Bosi akamkumbusha nilivyolizimisha mlimani. Akajibu kwamba kila kona ya ule mlima ameipata kutoka kinywani mwangu, na kama mimi sifai basi na yeye hafai.

Nikamuuliza mke wangu amejua lini. Akasema tangu siku ile niliyosafiri naye na pampu.

“Na hukuniambia?”

“Alinikataza. Alisema ukijua hutakikalia.”

Nilijaribu kukasirika, sikupata mahali pa kushika. Alikuwa amesema kweli, kwamba ningejua mapema ningekikataa, nikabaki na lori langu bovu na fahari yangu hadi vyote viuzwe. Hakunipa kiti tu. Alinipa na njia ya kukipokea bila kujua kwamba nimepewa.

Kesho yake kulikuwa na mzigo wa saruji wa kupeleka Karema. Nilifungua mlango nikasimama chini muda mrefu, kiasi kwamba mtu wa geti akaniuliza kama nimesahau ufunguo. Nikapanda. Ndilo ninaloliendesha hadi leo, na bado namwonea wivu, ila si kwa ajili ya lori tena. Namwonea wivu kwa moyo ule, kwa sababu ningekuwa mimi kwenye nafasi yake, kiti kile kingekwenda kwa kijana wa Sumbawanga.